Mgongo uliopinda kwa kijana wa kiume: kumbe si ugonjwa wa wasichana?

Swali: Nina miaka 19, naishi Tanga, nimemaliza kidato cha sita. Fundi cherehani alikuwa ananipima kanzu ya harusi ya kaka yangu, akasema bega langu la kulia limepanda na pindo halikai sawa hata alikate vipi. Nilipigwa eksirei, majibu yakaandikwa skoliosisi, nyuzi 22. Siumwi popote. Kila ninaposoma naambiwa ni ugonjwa wa wasichana. Je, vijana wa kiume wanaupata kweli, na ni wangapi? Wangu utazidi? Nina mdogo wangu wa kiume wa miaka 13, naye apimwe?

Jibu: Fundi wako ana jicho kali. Kanzu haina mkanda wala kiuno cha kuficha kasoro. Inaning'inia kutoka mabegani hadi karibu na vifundo vya miguu, hivyo bega moja likipanda, pindo la upande ule nalo linapanda. Shati lililochomekewa lingekaa kimya. Ndiyo maana kijana wa kiume anaweza kupita sekondari nzima na mgongo uliopinda bila mtu kushtuka.

Tuanze na idadi. Vijana wa kiume wanapata skoliosisi, tena wengi kuliko inavyodhaniwa. Skoliosisi ni uti wa mgongo kupinda kwenda ubavuni, kwa umbo la herufi C au S, huku pingili zikijisokota kidogo. Usiichanganye na kibiongo, ambacho ni mgongo kupinda kwenda mbele. Mpindo hupimwa kwenye eksirei kwa pembe ya Cobb, iliyopewa jina la daktari wa mifupa wa New York aliyeieleza mwaka 1948, na mpaka umewekwa kwenye nyuzi 10. Chini ya hapo haiitwi skoliosisi, kwa sababu hakuna mgongo wa binadamu ulionyooka kama rula.

Kwa mpaka huo, vijana 2 hadi 3 kati ya kila 100 wenye miaka 10 hadi 18 wana skoliosisi. Sasa watenganishe kwa jinsia. Kwenye mipindo midogo, ya nyuzi 10 hadi 20, wasichana wanawazidi wavulana kidogo tu: kwa kila wavulana 10 kuna wasichana 14 hivi. Ukivuka nyuzi 20 pengo linapanuka, wasichana kama 5 kwa mvulana 1. Ukivuka nyuzi 40 wanakuwa wasichana 7 au zaidi kwa mvulana 1. Maana yake ni kwamba kuupata mpindo wanakaribiana, ila mpindo kukua ndiko kunakowaangukia zaidi wasichana. Anayehesabu wagonjwa kwenye benchi la kliniki ya upasuaji ataona wasichana watupu. Anayeingia darasani na kumvua kila mmoja shati ataona kitu kingine kabisa.

Tupige hesabu ya wavulana 10,000 kwa viwango hivyo, ukijua kuwa ni makadirio. Wenye nyuzi 10 na zaidi watafika kama 200. Wenye nyuzi 20 na zaidi watakuwa kati ya 10 na 17. Waliovuka 40, ambao wanakaribia kuzungumziwa upasuaji, ni 2 au 3. Wewe na nyuzi 22 zako uko kwenye lile kundi la pili: si jambo la kila mtaa, wala si la ajabu. Shule kubwa ya wavulana yenye wanafunzi 1,000 ingekuwa na mmoja au wawili kama wewe, na wengine kama 20 wenye mipindo midogo ambayo wengi wao hawataijua maisha yao yote. Mpindo huo hauyeyuki ukifika miaka 20, kwa hiyo idadi ya vijana wa miaka 18 hadi 25 ni hiyo hiyo waliyotoka nayo sekondari.

Kuna jambo moja la kushangaza hapa. Kwa watoto wachanga, chini ya miaka 3, mambo yamegeuka: wavulana ndio wengi kuliko wasichana, na mpindo wao mara nyingi huelekea kushoto badala ya kulia. Mingi ya mipindo hiyo ya uchanga hujinyoosha yenyewe. Ule wa ujanani haufanyi hivyo.

Ukitaka majina ya wanaume, Usain Bolt amesema hadharani kuwa ana skoliosisi, na alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009. Wa pili ni mfalme Richard III wa Uingereza. Mifupa yake ilifukuliwa chini ya maegesho ya magari mjini Leicester mwaka 2012, na waliouchunguza uti wa mgongo walikuta mpindo mkubwa wa kulia ulioanza katika umri wa kubalehe. Kwa karne kadhaa watu walimchora kama mwenye kibiongo. Kumbe alikuwa na skoliosisi, na nayo haikumzuia kwenda vitani juu ya farasi. Aliuawa mwaka 1485 akiwa na miaka 32.

Kwa nini basi wavulana hawaonekani? Sababu kubwa ni saa. Mpindo hukua mwili unaporefuka kwa kasi, na kasi hiyo kwa msichana hufikia kilele karibu na miaka 12, kwa mvulana karibu na 14. Ukikagua migongo ya darasa la sita unawakuta wasichana wakiwa katikati ya safari na wavulana hawajaondoka stendi. Ndiyo maana vyama vya madaktari wa mifupa vya Marekani vinavyopendekeza ukaguzi vinasema msichana atazamwe mara mbili, akiwa na miaka 10 na 12, na mvulana mara moja, akiwa na 13 au 14. Tena mvulana huendelea kurefuka hadi miaka 17 au 18, hivyo mpindo wake una muda mrefu zaidi wa kusogea, na wakati huo huo hakuna anayemtazama. Mama anayemvalisha binti gauni huona kiuno kimekaa upande. Kijana wa kidato cha pili hakubali kuvua shati mbele ya mama yake.

Sasa tuje kwako. Kabla ya kujibu kama utazidi, hakikisha hiyo 22 ni 22 kweli, maana tarakimu moja kwenye karatasi bila maelezo haitoshi. Chukua picha yako, si karatasi tu, na utafute mambo haya.

Ulisimama au ulilala? Picha ya skoliosisi hupigwa mtu akiwa amesimama, miguu pekupeku, magoti yamenyooka. Ukilala, uzito wa kichwa na mabega unaondoka juu ya uti, na mpindo unaweza kupungua hata nyuzi 8 au 10. Aliyelala akapata 22 huenda akisimama ana 30, na hapo ushauri unabadilika. Vilevile mtu akisimama huku amekunja goti moja, nyonga inashuka upande mmoja na mgongo unapinda ili kichwa kibaki katikati. Mpindo huo ni wa goti.

Picha inaonyesha uti wote? Inatakiwa ianzie shingoni hadi kwenye nyonga zote mbili. Mashine nyingi za hospitali za wilaya hutumia bamba la sentimita 35 kwa 43, ambalo halitoshi mgongo wa mtu mzima, hivyo hupigwa kifua peke yake au kiuno peke yake. Mpindo wa herufi S ukikatwa katikati utahesabiwa nusu. Mwambie mpiga picha unahitaji uti mzima, hata kama ni picha mbili zitakazounganishwa.

Na pingili zipi zilipimwa? Pembe ya Cobb hupatikana kwa kuchora mstari juu ya pingili ya juu iliyoinama zaidi na mwingine chini ya pingili ya chini iliyoinama zaidi. Ripoti nzuri huzitaja, kwa mfano kutoka pingili ya 5 ya kifua hadi ya 12, na hutaja upande. Bila majina hayo daktari wa mwaka ujao atachagua pingili nyingine, apate 27, na wewe utalia kwamba mgongo umeharibika. Hata pingili zikiwa zile zile, vipimo viwili vya picha moja hutofautiana hadi nyuzi 5. Kwa hiyo 22 yako isome kama "kati ya 17 na 27", na usikubali neno "umeongezeka" mpaka tofauti ivuke 5. Mgongo huchoka pia: wa jioni hupinda zaidi kidogo kuliko wa asubuhi. Picha za kulinganisha zipigwe saa zinazokaribiana.

Tuseme 22 imesimama. Kinachoamua kama utazidi ni ukuaji uliobaki. Daktari huutazama ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga kwenye eksirei hiyo hiyo, ambako kuna utepe wa mfupa unaojaa taratibu na kuungana ukuaji ukikoma. Alama zake zinaitwa Risser, kuanzia 0 hadi 5. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1984 ulionyesha uzito wa jambo hili. Wenye mpindo wa nyuzi 20 hadi 29 na Risser 0 au 1, asilimia 68 waliongezeka. Wenye mpindo huo huo lakini Risser 2 hadi 4, ni asilimia 23. Mpindo ni ule ule, umri wa mifupa tofauti, hatari mara tatu.

Wewe wa miaka 19 kwa kawaida uko kwenye Risser 4 ya mwishoni au 5. Njia rahisi ya kupima nyumbani ni urefu: simama ukutani, weka alama, rudia baada ya miezi 6. Kama hujaongeza hata sentimita moja, ukuaji umefunga. Mpindo ulio chini ya nyuzi 30 kwa mtu aliyekwisha kukua hukaa pale pale karibu maisha yote. Wanaohitaji hofu ni waliomaliza kukua wakiwa na 50 na zaidi, kwa sababu mipindo ya kifua ya ukubwa huo huendelea kusogea kwa wastani wa nyuzi 1 kila mwaka, na ikipita 70 au 80 mapafu yanaanza kubanwa. Kwako inatosha picha nyingine baada ya mwaka 1, kisha za nadra. Breisi, lile koti gumu la plastiki linalovaliwa ili mpindo usikue, haikufai tena. Upasuaji hauna nafasi.

Lakini hapa ndipo jinsia yako inapokuwa na maana. Kwa sababu mipindo mikubwa ni adimu kwa wanaume, daktari makini akiuona mpindo wa kijana wa kiume haharakishi kuandika "hauna chanzo", ingawa mipindo 8 kati ya 10 ni ya aina hiyo. Huuliza kwanza maswali machache.

La kwanza ni maumivu. Skoliosisi ya ujanani haiumi sana. Uchovu wa mgongo baada ya kazi ni kitu kingine. Kijana anayeamshwa usiku na maumivu ya sehemu moja ya mgongo, akimeza aspirini au ibuprofeni yanatulia, kisha kesho usiku yanarudi, ana dalili za uvimbe mdogo wa mfupa unaoitwa ostioidi ostioma. Unawapata wanaume mara mbili au tatu zaidi ya wanawake, wengi wao wakiwa na miaka 10 hadi 25. Hauzidi sentimita 2, si saratani, na hukaa upande wa ndani wa mpindo, ambako misuli hukaza na kuuvuta mgongo. Eksirei ya kawaida mara nyingi haiuoni. Kipimo cha CT huuonyesha. Ukiondolewa mapema mgongo mara nyingi hujinyoosha. Ukiachwa zaidi ya mwaka na miezi kadhaa, mpindo huzoea na kubaki. Anayechuliwa mgongo kwa mafuta miezi 18 anapoteza nafasi hiyo.

La pili ni vijana wabeba mizigo. Diski, yaani kile kifuko laini kati ya pingili na pingili, ikichomoza na kubana neva, misuli hukaza upande mmoja na mtu hutembea ameegemea kama mnazi wa pwani. Picha yake inaonyesha mgongo umeinama, na ripoti huandikwa skoliosisi. Lakini pingili hazijajisokota, na maumivu yanashuka mguuni. Diski ikitulia, mgongo unanyooka. Huyo asihesabiwe kwenye zile 200.

La tatu, upande. Mpindo wa kawaida wa kifua huelekea kulia, na bega lako la kulia kupanda kunalingana na hilo. Ukiwa wa kushoto, au ukiambatana na ganzi, mguu mmoja kudhoofika, unyayo kujikunja kwa juu, au kukojoa kwa shida, kinahitajika kipimo cha MRI kuangalia ugwe mgongo, yaani ile neva kuu inayopita ndani ya uti, kwa sababu kunaweza kuwa na uwazi uliojaa maji ndani yake.

Kisha umbo la mwili. Pima upana wa mikono ukiwa umeinyoosha, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, ulinganishe na kimo chako. Mtu wa sentimita 180 akiwa na mikono ya 190, vidole virefu, kifua kilichobonyea na mgongo uliopinda, aulizwe kuhusu ugonjwa wa Marfan, wa kurithi, unaolegeza tishu zinazoshikilia mwili. Hapo hatari kubwa iko kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni, mgongo ni kiashiria tu, na kipimo cha moyo cha ultrasaundi kinaweza kuokoa maisha. Madoa ya rangi ya kahawa ya maziwa, 6 au zaidi, kila moja likizidi sentimita 1.5, nayo yana jina lake: nyurofibromatosisi, ugonjwa wa vinasaba unaogusa neva na ngozi.

Na kwa mazingira yetu, kifua kikuu cha mgongo. Hiki mara nyingi hupindisha mgongo mbele, pingili moja au mbili zikiporomoka hadi nundu kali ikajitokeza. Lakini kinaweza kuanza kwa kuuinamisha pembeni. Homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito na maumivu yasiyoisha: usisubiri.

Wewe hujataja hata moja ya haya, na ukimya huo ni habari njema. Hata hivyo mwambie daktari avue shati lako, aone, agonge magoti na kukwaruza tumbo kwa kijiti kuona misuli inavyoitikia pande zote mbili. Ni dakika tatu.

Kuhusu lawama za mtaani: begi la shule, kulala upande mmoja, kukaa vibaya, kubeba ndoo utotoni, hakuna hata kimoja kinacholeta skoliosisi ya aina hii. Inatembea kwenye koo. Kwa pacha wa kufanana, mmoja akiwa nayo, mwenzake huwa nayo mara 7 kati ya 10. Mikanda ya kunyoosha mabega inayouzwa mitandaoni haishiki pingili. Inavuta ngozi na misuli tu. Anayekuahidi kuunyoosha mgongo kwa kuuvuta au kuusukuma hadi ulie, asikuguse. Mazoezi endelea nayo yote, kuogelea, mpira, vyuma, mradi hayaumi. Kama unasubiri Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), nenda na picha yako na umweleze daktari wa kambi mwanzoni, kabla mtu hajakuona unakimbia na bega juu akadhani umeumia.

Sasa mdogo wako, ambaye kusema kweli ndiye mgonjwa wetu mkuu. Ana miaka 13, kaka yake ana skoliosisi, na kasi yake ya kurefuka inakaribia au imeanza. Mtazame wiki hii. Ni kazi ya robo saa.

Avue shati na viatu, abaki na kaptula, asimame akikupa mgongo kwenye mwanga wa dirisha, miguu sambamba. Tafuta tofauti: mabega, makombe ya bega, uwazi kati ya mkono na kiuno kila upande, nyonga. Kisha tumia timazi ya fundi. Funga nati kwenye uzi, uzi uanzie kwenye ile pingili inayochomoza chini ya shingo, uache uning'inie. Unapaswa kupita katikati ya makalio. Ukianguka pembeni kwa sentimita 2 au zaidi, andika.

Halafu aunganishe viganja na ainame taratibu mbele, magoti yamenyooka, mpaka mgongo uwe sawa na sakafu. Wewe chuchumaa nyuma yake, jicho lako liwe usawa wa mgongo wake. Kipimo hiki kilielezwa na daktari William Adams wa London mwaka 1865 na mpaka leo hakijapata mpinzani kwa urahisi. Mbavu za upande mmoja zikiinuka kama nundu, au misuli ya kiuno upande mmoja ikawa juu, pingili zimejisokota. Simu inaweza kutoa tarakimu: fungua programu ya pimamaji, shika simu kwa mikono miwili huku vidole gumba viwili vikiwa chini yake, kimoja kila upande wa uti, ili simu isikalie mfupa wa katikati. Itelezeshe kutoka juu hadi kiunoni na usome pembe kubwa uliyoiona. Nyuzi 0 hadi 4 ni za watu wengi. Kati ya 5 na 6 rudia baada ya miezi 3 au 4. Ikifika 7, nenda hospitali. Tarakimu hii si pembe ya Cobb, usizilinganishe. 7 kwenye simu inaweza kuwa 20 kwenye picha, au pungufu.

Makosa yanayoharibu kipimo hiki ni mawili: kuinama huku amekunja goti moja, na kusimama kwa miguu isiyolingana. Ukiona mgongo umepinda, mkalishe kwenye stuli ainame tena. Nundu ikipotea akiwa amekaa, kosa liko kwenye urefu wa miguu. Weka daftari chini ya mguu mfupi hadi nyonga zilingane, upime upya.

Ukikuta kitu, usikubali kauli ya "tusubiri amalize kukua". Kwa mvulana wa 13 hilo ndilo kosa ghali kuliko yote. Mwenye nyuzi 10 hadi 24 hufuatiliwa kwa picha kila miezi 4 hadi 6. Kati ya 25 na 40, na Risser 0 hadi 2, ni breisi, yaani koti gumu la plastiki lililotengenezwa kwa vipimo vya mwili wake. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada wa mwaka 2013 ulikuta kuwa asilimia 72 ya waliopewa breisi hawakufika nyuzi 50 hadi walipomaliza kukua, dhidi ya asilimia 48 ya waliofuatiliwa tu. Siri ilikuwa kwenye saa: waliovaa zaidi ya saa 13 kwa siku kwa wastani walifanikiwa asilimia 90 na zaidi.

Na hapo wavulana ndipo wanapoanguka. Wengi hawavai. Kwenye joto la Tanga plastiki ile inachoma, na bwenini hakuna kijana anayetaka kuulizwa amevaa nini. Panga saa zisizo na aibu wala jua: avae akitoka shule saa 10 jioni, alale nayo, aivue saa 12 asubuhi. Hizo ni saa 14, amekwisha kuvuka mstari bila mwanafunzi mwenzake kuiona. Chini yake avae fulana ya pamba inayobana, isiyo na mshono ubavuni, abadilishe ikilowa. Sehemu zinazokandamizwa zitakuwa nyekundu. Wekundu unaoisha ndani ya nusu saa ni wa kawaida, unaobaki au unaochubua ngozi unarudishwa kwa fundi wa breisi apunguze shinikizo. Akirefuka sentimita kadhaa koti linahitaji kupimwa upya, na kwa mvulana wa 14 hilo linaweza kutokea ndani ya miezi michache.

Ukiondoka na rufaa, Tanzania mlango mkuu ni Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, Dar es Salaam, au hospitali ya KCMC Moshi kwa walio kaskazini. Beba picha zote, za zamani na mpya, karatasi ya vimo vya mdogo wako vilivyoandikwa na tarehe, na jina la kila ndugu ambaye nyumbani husemwa ana "bega moja". Mwulize na baba yenu. Mara nyingi kuna mjomba ambaye koti lake la suti halijawahi kukaa vizuri, na kila mtu alimlaumu fundi.